Sura ya Sita: Moto Una Saa Yake

Ni pikipiki chache za matairi manne zilizofunguliwa, kuchongwa na kubadilishwa vipuri kama Yamaha Banshee. Ilitoka mwaka 1987, na nchini Marekani iliuzwa mpaka 2006 ikiwa na injini ileile: silinda mbili sambamba, mipigo miwili, kupozwa kwa maji, cc 347. Haina stata ya umeme wala gia ya kurudi nyuma. Anayeiwasha hupiga kiki, na anayetaka kurudi nyuma hushuka akaivuta kwa mikono. Pamoja na hayo bado inasakwa na watu wa mchangani, kuanzia Glamis, kwenye vilima vya mchanga vya kusini mashariki mwa California, mpaka nchi za Ghuba. Huko Oman jangwa la Wahiba liko mlangoni mwa Bidiya na si mbali na Ibra, katika Sharqiya ile iliyo asili ya koo nyingi zilizowahi kuishi Unguja na Pemba. Si ajabu, basi, habari za plagi na kabureta kuzungumzwa huko kwa Kiswahili.

Mwenye Banshee akishaizoea huanza kutaka zaidi, na swali lake la kwanza karibu kila mara linahusu moto: anunue koili gani, sidiai ipi, plagi za aina gani. Swali hilo linaeleweka. Vipuri vya moto ni vidogo, hufungwa kwa muda mfupi, na maboksi yake yameandikwa ahadi kubwa. Jibu la sura hii halitawafurahisha wanaoviuza: cheche haiongezi nguvu hata chembe. Nguvu imo ndani ya mchanganyiko wa petroli na hewa ulioingia kwenye silinda. Kazi ya cheche ni kuamua nguvu hiyo itoke wakati gani, na kosa la wakati huo ndilo linalotoboa pistoni.

Injini iliyotoka barabarani

Injini ya Banshee haikubuniwa kwa ajili ya mchanga. Imetokana na ile ya RD350LC, pikipiki ya barabarani ambayo Yamaha iliitoa mwaka 1980. Kipenyo cha silinda ni milimita 64 na mwendo wa pistoni ni milimita 54. Matoleo ya baadaye ya barabarani yaliongezewa valvu kwenye mlango wa ekzosi, Banshee haikupewa. Ikabaki nyepesi, rahisi kufungua, na yenye tabia inayojulikana na kila aliyeipanda: chini imelala, katikati inajikusanya, kisha ghafla inachomoka.

Mchomoko huo unatoka kwenye bomba la ekzosi. Injini ya mipigo miwili ya namna hii haina valvu za kufunga mlango wa moshi. Matundu yako ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko mpya hutoroka pamoja na moshi. Miaka ya 1950 Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Ujerumani Mashariki, alilitafutia dawa tatizo hilo. Alilipa bomba tumbo pana na mwisho mwembamba, ili wimbi la shinikizo linalosafiri na moshi ligonge ule mwisho, lirudi, na kuusukuma mchanganyiko uliotoroka uingie tena ndani kabla mlango haujafungwa. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita. Septemba mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden akahamia Suzuki na elimu hiyo kichwani. Mabomba yenye tumbo yanayoonekana leo ubavuni mwa Banshee zilizotengenezwa upya yanafanya kazi kwa kanuni ileile ya Kaaden.

Kanuni hiyo inagusa moto moja kwa moja. Wimbi hurudi mapema au kuchelewa kutegemea urefu wa bomba na joto la moshi, kwa sababu sauti hukimbia zaidi kwenye gesi yenye joto kali. Joto la moshi nalo huamuliwa kwa sehemu kubwa na wakati wa cheche. Anayesogeza taimingi ya Banshee, ajue asijue, anabadilisha pia tabia ya bomba lake.

Cheche inakotoka

Banshee haina betri. Upande wa kushoto wa injini, mwishoni mwa kranki, kuna flaiwili yenye sumaku, na nyuma yake kuna bamba lililofungwa kwenye kasha la injini likiwa limebeba koili. Sumaku zikizunguka, koili moja huzalisha umeme unaokwenda kwenye kisanduku cha CDI, ambacho mafundi wa bodaboda wanakijua kama sidiai. Ndani ya kisanduku hicho kuna kapasita inayojazwa umeme wa volti mia kadhaa na kuushikilia. Koili nyingine ndogo, pulsa, hutoa ishara kila alama ya flaiwili inapoipitia, pistoni ikiwa inakaribia juu. Ishara ikifika, sidiai huuachilia umeme wote kwa mkupuo kwenda kwenye koili ya plagi, ambayo huukuza hadi maelfu ya volti. Umeme huo hauna pa kupita ila kuuruka mwanya wa plagi wa milimita 0.7 au 0.8.

Zamani kazi hii ilifanywa na pointi za chuma zilizofunguka na kufungwa, zikalika, zikahitaji kusawazishwa kila mara. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa miongoni mwa pikipiki kubwa za kwanza kuuzwa zikiwa na CDI. Faida yake kwa mipigo miwili ilionekana mapema: umeme wake hupanda haraka mno, kiasi kwamba huruka hata kwenye plagi iliyolowa oili. Hasara yake ni kwamba cheche yenyewe hukaa muda mfupi sana. Mchanganyiko usiokuwa sawa unaweza kuipita bila kushika moto, hata kama sidiai ni nzima.

Hesabu ya digrii

Petroli ndani ya silinda haiwaki yote kwa pamoja. Cheche huwasha kiini kidogo cha moto, nao moto husambaa kutoka katikati kuelekea kuta. Fundi anataka shinikizo lifike kilele digrii kama 15 baada ya pistoni kupita juu kabisa, kranki ikiwa imeshainama kiasi cha kupokea msukumo. Ili hilo litokee, cheche lazima itangulie, ipigwe pistoni ingali inapanda.

Itangulie kwa kiasi gani, inategemea kasi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, kranki hupita digrii 9 katika kila milisekunde. Ikifika 9,000, hupita digrii 54 katika milisekunde ileile. Kasi ya moto nayo huongezeka, kwa kuwa mchanganyiko huvurugwa zaidi injini inapokimbia, lakini haiendi sambamba kabisa na kranki. Ndiyo maana cheche iliyo sahihi kwenye sailensi inakuwa imechelewa injini inapochangamka.

Watwangaji wawili kwenye kinu kimoja wanalijua jambo hili bila hesabu: mchi unaoshuka kabla ya zamu yake hautwangi zaidi, unagongana na wa mwenzake. Moto uliowashwa mapema mno hukutana na pistoni inayopanda. Kranki inalazimika kuusukuma kwa nguvu iliyoipata kwingine, na shinikizo na joto vinapanda mpaka ule mchanganyiko wa pembeni, ambao moto haujaufikia, unajilipukia wenyewe. Mafundi husema injini inagonga. Kwenye gari dogo ugongaji huo husikika waziwazi ukipanda mlima. Kwenye Banshee yenye bomba la mashindano kelele zinaufunika, na mwenye chombo hujua siku injini imenoki.

Moto uliochelewa hauna kishindo. Pistoni inakuwa imeshaanza kushuka, shinikizo halijengeki, nguvu inapungua, na joto ambalo lingefanya kazi linaishia kwenye ekzosi.

Koili kubwa, cheche ileile

Tangazo la koili ya mashindano hutaja volti: 40,000, wakati mwingine zaidi. Namba hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado isimsaidie mnunuzi. Volti inayohitajika kuruka mwanya wa plagi huamuliwa na upana wa mwanya, shinikizo la ndani ya silinda na hali ya mchanganyiko. Ikiwa 12,000 zinatosha, koili yenye uwezo wa 40,000 itaishia hapohapo kwenye 12,000, kwa sababu umeme ukishapata njia unapita. Uwezo uliobaki ni akiba tu. Akiba hiyo ina kazi pale mgandamizo umepandishwa sana au injini inatumia methanoli. Kwenye injini ya kawaida isiyomisi, haibadilishi kitu.

Plagi za iridiamu zina hadithi kama hiyo. Ncha yake nyembamba huhitaji volti kidogo kuliko ncha nene, na hudumu muda mrefu. Hayo ni mambo mazuri, lakini hayaongezi nguvu za farasi. Plagi ya asili ya Banshee ni NGK B8ES, na kinachostahili kuangaliwa hapo ni ile 8, namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, maana yake inaondoa joto lake haraka kwenda kwenye silinda hedi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume chake, na wengi wamefunga plagi isiyofaa kwa kutolijua hilo. Plagi yenye joto kupita kiasi hubaki na ncha nyekundu inayowasha mchanganyiko kabla ya cheche kufika. Iliyo baridi kupita kiasi hujaa masizi na kuanza kumisi. Aliyepandisha mgandamizo au anayepanda vilima vya mchanga akiwa amekaba mafuta yote hupanda hatua moja kwenda namba 9.

Mara nyingi anayefunga koili mpya na kusema pikipiki imebadilika anasema kweli, ila sababu siyo anayoidhani: ile aliyoitoa ilikuwa imeshakufa nusu. Kabla ya kununua chochote, pima kwa mita ukinzani wa koili ya kuzalisha umeme, wa pulsa na wa koili ya plagi, ulinganishe na vipimo vya kitabu cha kiwanda. Kata sentimita moja ya mwisho wa waya wa plagi ulioliwa na kutu, ufunge kofia upya. Safisha mahali waya wa ardhi unapogusa fremu, mpaka chuma kionekane. Kazi hizo ni za nusu siku na hazina gharama ya maana, na ndizo zinazomaliza malalamiko mengi ya injini inayomisi.

Bamba la taimingi

Kipuri cha moto chenye athari ya kweli kwenye Banshee ni cha bei nafuu: bamba la aluminiamu lenye matundu marefu, linaloziruhusu koili za nyuma ya flaiwili kusogezwa kushoto au kulia. Bamba la kiwandani halina nafasi hiyo.

Kazi huanza kwa kufungua kifuniko cha kushoto. Flaiwili inazuiwa, nati inalegezwa, kisha flaiwili inavutwa kwa pula iliyotengenezwa kwa ajili yake. Nyundo haina nafasi hapa, kwa sababu sumaku huachia gundi na ncha ya kranki huumia. Flaiwili ikitoka, tazama kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoishikamanisha na kranki. Kikiwa kimelika au kupinda, flaiwili inakuwa imejizungusha, na taimingi yote unayoipima ni uongo. Bamba jipya likishafungwa na koili kuhamishiwa juu yake, lisogeze kinyume na mzunguko wa flaiwili. Hapo pulsa hukutana na alama mapema zaidi, na cheche hutangulia.

Halafu pima. Fungua plagi, ingiza saa ya kupimia kwenye tundu, tafuta mahali pistoni inaposimama juu kabisa, uweke sufuri. Kwa mwendo wa milimita 54 na konekting rodi ya milimita 110, kranki ikiwa digrii 20 kabla ya juu, pistoni inakuwa imebakiza takriban milimita 2.0. Ikiwa digrii 24, imebakiza takriban 2.9. Zile digrii nne zinazotajwa kirahisi kwenye mazungumzo ya gereji ni chini ya milimita moja ya mwendo wa pistoni, na kwa jicho hazionekani. Mwishoni hakikisha kwa taa ya taimingi injini ikiwa inawaka, kwa kuwa mistari iliyochorwa kwenye bamba ni ya kukadiria tu.

Wenye Banshee wanaotumia petroli ya pampu na mgandamizo wa kawaida hupenda kusimama kwenye digrii nne juu ya kipimo cha kiwanda. Wanachokipata husikika mara moja: ukigusa mafuta injini inaitika, na ule usingizi wa chini unapungua. Lakini bamba halichagui. Linasogeza taimingi ya chini, ya kati na ya juu kwa kiasi kilekile, na juu ndiko kwenye gharama. Injini ya mipigo miwili ikipita kilele cha nguvu zake hunufaika cheche ikichelewa kidogo. Joto huenda kwenye bomba, wimbi hukimbia zaidi na kuwahi mlango unaofungwa haraka, na injini huendelea kuvuta mizunguko mingine mia kadhaa. Aliyetanguliza moto kila mahali anajinyima mkia huo, na anaiachia pistoni joto lililotakiwa kutoka nje.

Hapo ndipo sidiai ya bei kubwa inapolipa, ile inayoweza kupangwa kwa kompyuta. Thamani yake haiko kwenye volti. Iko kwenye mchoro: itangulize moto katikati, kisha iurudishe nyuma juu. Anayelinganisha sidiai mbili na aulize kwanza mchoro wa taimingi wa kila moja. Muuzaji asiyeweza kuuonyesha anauza plastiki.

Yanayotangulia moto

Taimingi huja mwisho, baada ya injini kuwa nzima na kupumua vizuri. Kwenye mipigo miwili uzima huanza na kuzuia hewa ya wizi. Kasha la kranki ndilo linalosukuma mchanganyiko kwenda juu, kwa hiyo sili ya kranki iliyochoka huvuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, na mchanganyiko unakosa petroli. Ziba milango ya kuingilia na kutolea, jaza hewa mpaka psi 6, usubiri dakika sita. Sindano ikishuka, pakaza maji ya sabuni utafute mapovu. Digrii nne juu ya injini inayovuja ni hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Kisha zinafuata pumzi na chakula. Bomba jipya na kisafishaji hewa kisichobana huingiza hewa nyingi, na kabureta mbili za Mikuni za milimita 26 lazima zipewe jeti kubwa kuendana na hewa hiyo. Anayefunga bomba bila kubadili jeti anapata wiki ya furaha, kwa kuwa mchanganyiko mwembamba huonekana mwepesi na wenye hasira kabla haujayeyusha pistoni. Panga jeti kuu kwa kuanzia upande wa mafuta mengi, ushuke hatua kwa hatua. Kila badiliko liandikwe pamoja na joto la siku hiyo na mahali ulipojaribia. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali ambayo methali hiyo inaihusu kuliko jeti za kabureta mbili.

Kuna pia suala la TORS, mfumo wa Yamaha unaokata moto iwapo umeachia mafuta lakini slaidi za kabureta hazijafunga. Swichi zake zikizeeka huikata injini isiyo na kosa, na wengi hudhani sidiai imekufa. Karibu kila Banshee iliyotengenezwa upya imeondolewa mfumo huo. Tukumbuke ulivyokuwa wakati wake: mwaka 1988 kampuni kubwa za vyombo hivi zilikubaliana na serikali ya Marekani kusitisha mauzo ya pikipiki za matairi matatu, baada ya ajali nyingi, nyingi kati yake zikiwahusu watoto. Mafuta yanayong'ang'ania kwenye chombo cha namna hii yanaua. Anayeiondoa TORS na aweke mahali pake swichi ya kamba inayofungwa kiunoni au mkononi, ile inayokata moto mpandaji akianguka. Ni kipuri cha bei ya chini, na kwenye mashindano mengi huruhusiwi kuingia bila hicho.

Kusoma plagi

Ushahidi wa taimingi hubaki kwenye plagi. Funga mpya, panda mwinuko mrefu ukiwa umekaba yote, kisha zima injini na kushika klachi kwa pamoja kabla ya kuachia mafuta. Ukiiacha ingurume kwenye sailensi, ushahidi unafutika. Tazama kaure nyeupe kwa kioo cha kukuzia. Rangi ya pete iliyo chini kabisa ya kaure inaeleza mafuta. Taimingi tafuta kwenye ule mkono wa chuma uliopinda juu ya ncha: joto huacha alama ya rangi juu yake. Alama ikikaa karibu na ncha ya mkono, moto umechelewa. Ikiteremka mpaka kwenye shina linapoungana na nyuzi, umetangulia mno.

Vidoti vidogo vinavyometa kwenye kaure si masizi. Ni aluminiamu ya pistoni, iliyong'olewa na ugongaji ikapaa na kuganda pale. Ukiviona, safari imekwisha: rudisha digrii mbili, ongeza jeti, ufungue hedi. Kingo za pistoni zilizolika zikawa kama zimetafunwa na panya ni hatua inayofuata, na tundu katikati ya pistoni ndiyo ya mwisho.

Petroli na mwinuko

Digrii zilizo salama mahali pamoja zinaweza kuua injini kwingine. Falme za Kiarabu pampu huuza oktani 91, 95 na 98, na tofauti hiyo ni ya kweli kwa injini iliyopandishwa mgandamizo. Oktani haiongezi nguvu. Inaonyesha ukaidi wa petroli kujilipukia. Anayeweka 98 bila kubadili chochote kwenye injini isiyogonga ametumia pesa bure, na anayepanga taimingi kwa 98 kisha akajaza 91 njiani anatembea na bomu lake mwenyewe. Panga kwa petroli duni kabisa utakayolazimika kuinunua.

Mchanga wenyewe ni mzigo. Barabarani injini hupumzika kwenye kona na mteremko. Kwenye kilima cha mchanga matairi ya makasia hayaiachii hata sekunde. Joto hujilimbikiza kwenye hedi na maji, na taimingi iliyovumilika kwenye jaribio fupi huanza kugonga mwinuko wa tatu. Ndiyo maana watu wa mchangani huweka digrii chache kuliko wa mbio fupi.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari hufanya kinyume. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini hupata hewa kidogo, hivyo jeti ya pwani inakuwa kubwa mno na injini inasongwa na mafuta. Lakini kwa kuwa shinikizo ndani ya silinda limepungua, hatari ya kugonga nayo inapungua, na injini inaweza kuvumilia digrii ambazo pwani zingeiumiza. Anayeteremka na chombo chake kutoka bara kwenda pwani asibadili jeti tu. Arudishe na moto pia.

Mipigo minne na kikomo cha mizunguko

Yamaha Raptor 700 ilipotoka mwaka 2006 ikiwa na cc 686 na mfumo wa kunyunyiza mafuta badala ya kabureta, bamba la taimingi lilikosa kazi. Kompyuta hubeba jedwali zima: kwa kila kasi na kila kiasi cha mafuta, digrii zake. Anayetaka kulibadili hufunga kisanduku cha ziada au huandika upya jedwali lenyewe.

Kinachouzwa zaidi kwa wenye injini hizi ni kuondolewa kwa kikomo cha mizunguko. Hapa hesabu isaidie kabla ya pochi kufunguliwa. Mwendo wa pistoni ya Raptor 700 ni milimita 84. Kwa mizunguko 9,000 pistoni husafiri kwa wastani wa mita 25 kwa sekunde, wakati ile ya Banshee kwa mizunguko hiyohiyo husafiri mita 16. Nguvu inayovuta konekting rodi hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 9,000 hadi 10,000 mzigo huongezeka kwa karibu asilimia 23. Springi za valvu nazo zina kasi ambayo zikiipita haziwezi tena kuirudisha valvu kwa wakati, na valvu iliyochelewa hukutana na pistoni. Kikomo kiliwekwa na mtu aliyejua springi zake. Kukiondoa kuna maana tu ikiwa kemshafti na springi vimebadilishwa na injini bado ina nguvu ya kutoa huko juu. Vinginevyo unanunua haki ya kupiga kelele zaidi nguvu zikiwa zimeshaanza kushuka.

Iwe kwa bamba au kwa kompyuta, utaratibu wa wapangaji wazuri ni mmoja. Wanaanza na moto uliochelewa na kuutanguliza digrii moja moja, wakipima nguvu kila hatua, kwenye mashine ya kupimia au kwa saa kwenye mwinuko uleule. Mwanzoni kila digrii inalipa. Kadiri kilele kinavyokaribia malipo yanapungua, mpaka digrii mbili za mwisho hazileti chochote ambacho mpandaji angeweza kukihisi, ilhali shinikizo na joto vinaendelea kupanda kama kawaida. Hapo ndipo wanaposimama: kwenye kiasi kidogo kabisa cha kutanguliza kinachotoa nguvu yote iliyomo. Kisha, kwa ajili ya siku ya joto kali na pampu ya petroli mbaya, wanarudisha digrii moja na kukaza skrubu.